Nimpimeje baba mwendo kabla hajatolewa maji mgongoni?

BintiPongwe:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Baba ana miaka 71, ni seremala, tupo Tanga. Tangu mwaka juzi mwendo umemharibika: miguu anaitandaza, hatua fupi fupi, nyayo haziinuki, utadhani zimegundishwa sakafuni. Mikono bado anaitupa vizuri. Shida kubwa ni kugeuka mlangoni pa choo. Anakanyaga pale pale mpaka nimshike kiuno, na mkojo nao haumsubiri. Alimeza dawa za Parkinson miezi minane, hazikusaidia kitu. Picha ya CT ndiyo ikaonyesha vyumba vya maji kwenye ubongo vimepanuka.

Jumatano watamtoa maji mgongoni waone kama mwendo utabadilika, ndipo waamue habari ya mrija wa kupunguza maji ya kichwani. Nimeambiwa nimpime nyumbani kabla, sekunde anazotumia kuinuka kitini, kutembea kidogo na kurudi kukaa. Jumamosi kapata sekunde 31, Jumapili 22, na hajatibiwa chochote! Nimekosea wapi?

ViungoMoro:
Dada, pole na uuguzi. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alivaa nini miguuni, na alikaa kiti gani?

BintiPongwe:
Jumamosi kandambili, akainuka kwenye kochi. Jumapili pekupeku, kiti cha mezani.

ViungoMoro:
Basi hapo ulichopima ni kochi na kandambili. Kochi linadidimia, mzee anamaliza sekunde nyingi kujikwamua kabla hata ya kupiga hatua. Chagua kiti kimoja kigumu chenye mikono, viatu vile vile vya kufunga, saa ile ile ya siku. Kama ana fimbo, iwe hiyo hiyo. Piga mstari wa chaki mita 3 kutoka kitini. Ukisema "nenda", washa saa ya simu: ainuke, aende mpaka mstarini, ageuke, arudi, akae. Mwendo wake wa kawaida, usimkimbize wala usimsemeshe njiani. Mara tatu, andika zote. Mtu awe ubavuni mwake muda wote, maana kwenye kugeuka ndipo wanapoanguka.

Tena sekunde peke yake hazitoshi. Hesabu hatua anazokanyaga kugeuka. Kwa ugonjwa huu naziamini sana hizo, na ndizo watu wanazisahau. Hospitali wanaweza kumpima na kipimo cha Berg pia, cha kuona mwili unavyojimudu usiyumbe, vitendo 14, jumla alama 56. Hicho waachie wao.

MamaPili:
Nimeyapitia haya na mama. Wakishatoa yale maji, huwa mililita 30 hadi 50, mpime tena saa chache baadaye na kesho yake, maana nafuu yenyewe huisha. Mrekodi video ya miguu. Sisi tulitamani apone hadi tukawa tunaona nafuu kila mtu ya kwake; video ndiyo ilimaliza ubishi. Na asipobadilika usikate tamaa, muulize daktari. Kuna wanaosaidiwa na mrija ingawa kipimo hicho hakikuonyesha kitu.

BintiPongwe:
Asanteni sana, nimelia kidogo. Leo asubuhi, viatu vya kufunga, kiti cha mezani chenye mikono: sekunde 27, 26, 27. Kugeuka hatua 9, 9, 10. Zile mita 3 kazipima mwenyewe kwa futi yake ya kazi, akakataa nisimshikie ncha.