Tupeane uzoefu: gemu gani ya RPG ya mtandaoni inafaa kucheza na marafiki ukiwa Uganda?

Bombo256

Wakuu, habari za jioni. Kila vyuo vikifungwa swali hili hurudi: vijana wanne au watano wanataka RPG (gemu ya kumkuza mhusika wako) moja ya mtandaoni ya kucheza pamoja. Wengine wana simu tu, mmoja ana laptopu, na bando kila mtu analijua lake. Tukusanye uzoefu wetu hapa, tena kwa undani: gemu yenyewe, inataka nini, inakwama wapi na kwa nini. Hadithi za nani alimuua bosi gani tuziache kwa leo.

Naanza na kanuni ninayoisimamia. Chagueni gemu kwa kumtazama mwenzenu mwenye kifaa dhaifu kuliko wote. Kabla jina la gemu halijatajwa, kila mmoja aseme mambo manne: RAM ya kifaa chake, nafasi iliyobaki, kama anatumia bando la simu au Wi-Fi, na usiku upi ana saa mbili za mfululizo. Kundi likichagua gemu kwa uzuri wa picha, mwenye simu ya GB 3 ataanza kutupwa nje katikati ya pambano, na siku chache baadaye hamumuoni tena.

La pili ni akaunti. Facebook imefungwa hapa tangu Januari 2021. Ukijisajili kwa kitufe cha Facebook, kila kuingia kutataka VPN (apu inayopitisha data yako kwenye seva ya nchi nyingine), na VPN inarefusha njia ya data yako wakati unapigana. Jisajili kwa barua pepe au akaunti ya Google, uwashe uthibitisho wa hatua mbili siku hiyo hiyo. Akaunti "iliyokwisha pandishwa" inayouzwa WhatsApp usiiguse: mwenye barua pepe ya kwanza anaweza kuirudisha kwake muda wowote.

Nyota_ya_Jinja

Kwa kundi lenye simu za kawaida jibu langu ni Old School RuneScape. Ilifunguliwa 2013, ikaja kwenye simu mwaka 2018, na akaunti ni moja tu: ulichofanya mchana kwenye simu unakikuta usiku kwenye laptopu. Ni nyepesi kupakua na haili data kama gemu za picha kubwa.

Lakini sababu yangu kubwa ni jinsi inavyohesabu muda. Seva hupokea matendo kwa mapigo ya sekunde 0.6. Ukibonyeza, tendo lako linasubiri pigo linalofuata. Kwa hiyo aliye na pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde) ya 180 hayuko mbali sana na aliye na 40, mradi pingi yenyewe haitikisiki.

Kuna sehemu ya bure na sehemu ya wanachama. Sehemu ya bure inatosha kuonja: ina misheni zake hadi Dragon Slayer I, inayodai pointi 32 za misheni kabla hujaruhusiwa kuianza. Ila mambo mazuri ya kufanya kwa kundi yako upande wa wanachama. Pambano la Wintertodt linataka kiwango cha 50 cha Firemaking (kuwasha moto), la Tempoross kiwango cha 35 cha Fishing (kuvua), na yote mawili yanabeba watu wa viwango tofauti bila mtu kujiona mzigo. Asiye na kadi ya kulipia mtandaoni anaweza kununua bondi kwa sarafu za ndani ya gemu. Bondi moja inatoa uanachama wa siku 14. Bei yake ni mamilioni ya sarafu, kwa hiyo mtu mgeni asiihesabie kwenye mipango ya mwezi wa kwanza.

Kama mko wawili hadi watano na mmepania, tazameni Group Ironman, aina ya akaunti ya kundi linalojitegemea. Hamnunui kwa wengine, mnategemeana: mmoja anavua na kupika, mwingine anachimba na kufua chuma, na ghala ni la pamoja. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Aina hii ya akaunti inachaguliwa ukiwa bado kwenye Tutorial Island (kisiwa cha mafunzo), na kundi linaundwa mahali panapoitwa The Node kabla hamjavuka kwenda Lumbridge, mji wa kuanzia. Mmoja akiharakisha akatoka na akaunti ya kawaida, hakuna kuibadilisha. Anaanza upya. Basi pigianeni simu, muingie wakati mmoja.

FundiPC_Arua

Asante dada Nyota. Niongeze kuhusu pingi, maana watu wanalaumu gemu wakati tatizo ni safari.

Uganda haina pwani. Sehemu kubwa ya data yetu inapita nchi kavu hadi Mombasa, inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari kama SEACOM, EASSy na TEAMS, ndipo inapanda kuelekea Ulaya. Pingi ya milisekunde 150 hadi 200 kwa seva za Ulaya ni ya kawaida kwetu. Seva ya Marekani inaongeza Atlantiki nzima juu ya hiyo. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Siku kama hizo ukibadilisha mipangilio ya gemu unajichosha bure. Kwa hiyo seva ya Ulaya, kila mara, na mkubaliane kabla mtu hajatengeneza mhusika.

Kupima: kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ping -n 50 kisha anwani ya seva. Guild Wars 2 inakupa anwani hiyo ukiandika /ip kwenye sehemu ya gumzo. Ukitumia RuneLite (programu ya kuchezea RuneScape kwenye kompyuta), orodha ya dunia, yaani seva zake, inaonyesha pingi ya kila moja. Usitazame wastani peke yake. Tazama ya chini, ya juu, na pakiti zilizopotea. Pingi ya 170 isiyotikisika ni bora kuliko 120 inayoruka hadi 600.

Inaruka kwa nini? Mara nyingi ni simu inayosasisha apu kimyakimya, hosteli yenye Wi-Fi nyingi zinazogombania bendi ya 2.4, au simu inayoteremka kutoka 4G hadi 3G jioni mnara ukijaa. Zima usasishaji wa Play Store. Ukiwa na laptopu, unganisha simu kwa waya wa USB badala ya hotspoti ya Wi-Fi. Unaondoa ugomvi wa hewani, na simu inapata chaji humo humo.

Sasa Guild Wars 2, ambayo naiweka juu kwa kundi lenye kompyuta. Ilitoka 2012, sehemu ya msingi ni ya bure tangu 2015, na haina ada ya mwezi. Leveli ya mwisho ni 80 na haijawahi kupandishwa. Ukiingia eneo la leveli 15 ukiwa na 80, gemu inakushusha hadi kiwango cha eneo hilo. Mwenzenu mwenye zamu za hospitali anayeingia Jumamosi tu bado anapigana nanyi mahali pale pale. Kwa watu wenye kazi, sijaona gemu inayolitatua jambo hili vizuri zaidi.

Tahadhari: akaunti iliyofunguliwa kupitia Steam (duka la gemu za kompyuta) na ile iliyofunguliwa kwa ArenaNet (waundaji wa gemu) haziunganishwi. Mtacheza pamoja, lakini nyongeza utazinunua kule kule ulikoanzia. Amua kwanza.

Upakuaji ni makumi ya GB, na tangu Julai 2021 data ina kodi ya asilimia 12, kwa hiyo kupakua mara tano ni hasara ya makusudi. Mmoja apakue kwa bando la usiku. Data yote ya gemu hii inakaa kwenye faili moja, Gw2.dat. Inakili kwenye diski ya nje, si flashi ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga faili), kwa sababu FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4. Ukiiweka kwenye folda moja na Gw2.exe kwa mwenzako, itapakua tofauti tu. Kwa gemu za Steam fungua Settings, kisha Downloads, uwashe uhamishaji wa faili kwenye mtandao wa ndani. Kompyuta zote mbili ziwe kwenye ruta moja, Steam ikiwa wazi kote, na gemu yenyewe isiwe inachezwa.

SokoLaOwino

Nawasalimu. Mnazungumzia ushirikiano tu, lakini kuna makundi yanayopenda biashara na vita. Hao wapelekeni Albion Online. Inacheza kwenye simu na kompyuta kwa akaunti moja, kuanza ni bure, na haina darasa la mhusika: silaha na nguo ulizovaa ndizo zinazoamua kazi yako. Kwenye simu, RAM ya GB 4 ndiyo naiona salama.

Seva ni tatu: Amerika, Asia na Ulaya. Ya Ulaya iko Amsterdam, ilifunguliwa Aprili 2024. Mhusika wa seva moja haonekani kwenye nyingine. Miongozo mingi ya zamani iliandikwa kabla ya hiyo ya Ulaya kuwepo, ndiyo maana wageni bado wanapelekwa Amerika.

Rangi za ramani zisomeni kama mnavyosoma taa za barabarani. Buluu, salama. Njano, unaweza kuangushwa na wachezaji lakini mzigo unabaki wako. Nyekundu na nyeusi, ukifa umeacha kila ulichovaa na kubeba. Sheria ya kundi letu sote iwe hii: usivuke kwenda nyekundu na vazi usiloweza kulinunua mara tatu.

Pesa ya kuanzia ipo kwenye usafirishaji. Kila mji una soko lake na bei zake, na malighafi haisafishwi kwa faida pale inapopatikana. Mbao zimejaa misitu ya Lymhurst, lakini bonasi ya kuzisafisha iko Fort Sterling. Ngozi ni za Bridgewatch, zinasafishwa Martlock. Mawe ni ya Martlock, yanasafishwa Bridgewatch. Hizo mbili za mwisho zinabadilishana, kwa hiyo mnyama wa mizigo harudi mtupu. Wawili wakusanye, mmoja asafirishe, mmoja asafishe na kuuza. Caerleon achaneni nayo mwanzoni: imezungukwa na maeneo mekundu, na barabarani kuna watu wanaowasubiri wasafirishaji.

Mponyaji_Mbarara

Mie naongelea Final Fantasy XIV, kwa kompyuta au konsoli. Majaribio yake ya bure ni mapana: yanafika leveli 70 na hayana kikomo cha siku. Yana vikwazo, kikiwemo cha kutomiliki zaidi ya gil (sarafu za gemu) 300,000, na ukishanunua toleo kamili akaunti hairudi kwenye majaribio. Nafasi inayotakiwa kwenye diski ni GB 140, kwa hiyo ushauri wa FundiPC wa kunakili unahusu hapa pia.

Kundi dogo ni la watu wanne kwa mpango maalum: mwenye ngao mmoja, mponyaji mmoja, wapigaji wawili. Mkiwa wanne mnatosha kabisa. Mkiwa watano, mmoja anabaki nje ya shimo (eneo la mapambano ya kundi) kila mara, na hilo linaumiza urafiki kuliko pingi.

Mtego wa siku ya kwanza: darasa ulilochagua ndilo linaloamua mji wa kuanzia. Mwenye upinde anaanzia Gridania, mwenye shoka Limsa Lominsa, mwenye upanga Ul'dah. Hamtakutana hadi hadithi kuu iwafikishe karibu na leveli 15. Mnaotaka kuwa pamoja tangu dakika ya kwanza, chagueni madarasa ya mji mmoja. Darasa jingine mtalichukua baadaye kwa mhusika huyo huyo.

Kuhusu pingi yetu: pigo la kawaida hurudi kila sekunde 2.5, kwa hiyo kuponya kunawezekana bila shida. Kinachoumiza ni alama za rangi ya chungwa sakafuni, zinazoonyesha pigo la bosi litatua wapi. Seva huamua nani yuko ndani mstari wa bosi (unaoonyesha pigo analoandaa) unapojaa, na haiangalii mlipuko unaouona baadaye kwenye kioo. Ondoka mstari ukiwa umefika nusu. Mwenye pingi kubwa asubiri kwanza kabla ya kuchukua darasa linalobana matendo mawili kati ya pigo na pigo.

Nyota_ya_Jinja

Naona vijana wengi wanataja Genshin Impact. Ni gemu nzuri, lakini si ya kuanzisha kundi. Kucheza pamoja kunafunguka kwa kiwango cha 16, mwisho ni watu wanne, hadithi kuu haichezwi pamoja, na masanduku ya hazina ni ya mwenye dunia. Kila mmoja anaishia kucheza peke yake.

Diablo Immortal iko karibu zaidi na mnachotafuta, kundi la wanne, simu na kompyuta. Ila mkifika juu, anayelipa anawaacha wasiolipa mbali sana. Kundi ambalo mmoja ana mshahara na wengine ni wanafunzi litaliona hilo haraka.

Bombo256

Sauti nayo ina gharama. Chaneli ya Discord (apu ya kuongea kwa kundi) huja na kilobiti 64 kwa sekunde, sawa na kilobaiti 8, yaani karibu MB 29 kwa kila saa ya mtu mmoja kuongea bila kukoma. Mwenye seva anaweza kuishusha hadi 8 kwenye mipangilio ya chaneli. Kwa maneno ya vita 16 au 24 inasikika vizuri. Washeni kitufe cha kubonyeza ndipo usikike, la sivyo jenereta ya jirani nayo inakula bando la wote.

FundiPC_Arua

Na usiku ambao bando limeisha kwa wote na mko nyumba moja, wekeni Terraria kwenye simu. Mmoja awashe hotspoti na kuzima data yake, wengine wajiunge nayo, halafu yeye afungue dunia kwa mchezo wa Wi-Fi ya ndani. Hakuna hata megabaiti inayotoka nje. Wenzako wasipoiona dunia yako, linganisheni namba za toleo kwanza. Simu moja ikiwa nyuma kwa sasisho moja, inakataliwa. Kisha angalieni kama kuna mwenye VPN iliyosahauliwa ikiwaka, kwa sababu nayo huficha simu ya jirani.