Nimefutwa kama meza pale mto Msimbazi, Dar. NIMEFUTWA!

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Hata dakika ishirini hazijapita tangu nitoke mtoni.

Mnamjua. Yule wa kahawa pale bondeni Kigogo, birika kubwa kuliko akili. Simtaji, mnamjua.

Nina kipande changu cha zege ukingoni, mabaki ya ukuta uliosombwa na mafuriko ya Desemba 2011. Tangu hapo kila jioni niko juu yake. Hela ya Coco Beach sina, nahesabu ndala zinazopita na maji. Juzi zimepita tisa, zote za mguu wa kushoto. Za kulia zinaishia wapi? Labda Vingunguti huko juu wanaishi watu wa mguu mmoja. Ninaye na ndege wangu, yangeyange, anasimama kama mtu anayedaiwa kodi ya chumba. Tunaheshimiana.

Leo nimekaa zangu, jamaa kaja na kitambaa (kilikuwa cheupe enzi za awamu ya tatu), kaanza kufuta zege. NIKIWA NIMELIKALIA. Kanizunguka kama mimi bakuli la kachumbari! Halafu: "Mzee wangu, hapa pa wateja." Mzee? Nina miaka 34!

Maji yametoka milima ya Pugu, yanapita kwa kila mtu hadi daraja la Selander, baharini, hayajawahi kunidai hata mia. Yeye kaja na birika tu. Hivi mmenielewa lakini? Alipofika kwenye paja aliliinua, akafuta chini yake. Kama bakuli!

Binti Kigogo: Ngoja kwanza. Paja aliliinua yeye au ulimwinulia?

Mtoa mada: Aligusa kwa kidole, likainuka lenyewe kwa mshtuko. Usinichafue.

Pweza Mkavu: Yaani kuna mtu anaenda Msimbazi kupunga upepo? Mimi nikipita na gari daraja la Jangwani, kwa harufu ya huo mto nafunga dirisha langu na la abiria wa mbele.

Mzee wa Vifungu: Sheria ya mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka mtoni hairuhusiwi shughuli ya kudumu. Birika liondoke, na wewe uondoke.

Mtoa mada: Kukaa si shughuli ya kudumu.

Mzee wa Vifungu: Kila jioni tangu 2011?

Pweza Mkavu: Hahaaa, kwisha habari yake.

Konda Mstaafu: Bora wewe umefutwa. Sisi wa Kimara mvua ikikaza Jangwani inajaa, barabara inafungwa, unavuka na viatu mkononi kama unaenda kutawadha.

Mama Tegeta: Nyie mna barabara ya kufungwa. Huku Tegeta wachimba mchanga wamechokonoa mto wetu hadi umehamia chooni kwangu. Zamani niliufuata na ndoo, siku hizi unanifuata wenyewe.

Konda Mstaafu: Mama, huo choo au bandari?

Mtoa mada: Jamani, kitambaa! Turudi kwenye kitambaa!

Binti Kigogo: Tulia mzee wangu. Kashata za huyo jamaa ni za nazi au karanga?

Konda Mstaafu: Karanga. Jana nimekula tatu.

Mama Tegeta: Kashata ni ya nazi. Hizo zako ni karanga zilizogandana.

Mtoa mada: Kama BAKULI, wakuu.

Pweza Mkavu: Anafunga saa ngapi? Nasikia leo kuna nafasi kwenye zege.