Tupeane uzoefu: kijana hapati usingizi usiku, nasi tulidhani ni majini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naanza mimi niliye Mikindani. Mdogo wangu alipopokea fedha zake za mnada wa korosho, alikaa siku nne bila kulala. Teja, yaani mtumiaji wa dawa za kulevya, sisi tulimjua kwa kusinzia, kwa kuwa mtu wa heroini huinama barazani mpaka kidevu kikagusa kifua, lakini huyu alikuwa macho makavu, anaongea mfululizo na hali chakula. Usiku wa tatu nilimkuta ameifungua feni yote, amezipanga skrubu mkekani kwa ukubwa, kisha akazichanganya na kuanza upya. Tukamwita mjomba, mjomba akamleta mganga, na wiki tatu zikapotea kabla kijana hajakiri kwamba anavuta methamfetamini, vichenga vyeupe mfano wa chumvi ya mawe. Ninyi mlianza kuona nini?

Mchangiaji, Lindi Mjini:
Mimi ni mama. Nilimpeleka mwanangu Dar es Salaam kwa kuwa nilisikia dawa ya kutibu uteja, methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, imewainua wengi. Nikaelezwa kwa upole kwamba methadoni ni ya heroini na jamaa zake, na kwamba kwa hiki alichokuwa akivuta mwanangu tiba kubwa ni ushauri nasaha, tena wa muda mrefu. Nauli ya kurudi nilikopa. Ile arosto, maumivu ya kuikosa dawa, ya kutapika na kuharisha, sikuiona. Alilala siku mbili, akaamka mnyonge, hana hamu ya lolote.

Mchangiaji, Kilwa Masoko:
Huku baharini wapo walioingia wakidhani ni dawa ya kukesha. Mwenzetu mmoja alianza kusema anafuatwa na watu, ilhali chomboni tulikuwa watatu tu, na tangu usiku ule hatukumwachia usukani. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilipotangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa, hapo ndipo wengi wetu tulipolisikia jina lenyewe.

Mwanzisha mada:
Mama, wangu naye alilala hivyo hivyo, nasi tukashukuru tukidhani amepona. Siku ya kumi hamu ikamrudia. Msimu huu fedha zake anashika mjomba, kwa ridhaa yake mwenyewe. Je, wako sasa anakula?