Nimeomba draiva ya kadi ya grafiki, imeshuka na keneli mpya, waifai na sauti vimepotea. Naombeni ushauri

chalii_wa_njiro:
Wakuu habari za jioni. Nina ofisi ya kuedit video hapa Njiro, Arusha, kazi nyingi ni za harusi na klipu za watu wa safari wanaorudi toka Manyara na Serengeti. Mashine iko Ubuntu 22.04 (Linux) na ilikuwa inatembea na keneli 5.15, yaani kile kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa, vizuri tu. Sasa nikataka draiva ya kadi ya grafiki ili kurenda kusichukue usiku mzima, nikafuata maelekezo ya jamaa mmoja mtandaoni, komandi ni hii:

sudo apt install nvidia-driver-535 linux-modules-nvidia-535-generic-hwe-22.04

Ikashuka, nikarestati, grafiki safi kabisa. Ila waifai haionekani hata kwenye setingi, spika hazipo, sehemu ya sauti inaandika Dummy Output. Kuangalia uname -r naambiwa 6.8! Mimi keneli sijaiomba popote, sasa nani kaichagua? Na je nibaki humu nitafute waifai, au nirudi 5.15? Nina harusi ya watu wa Usa River natakiwa niikabidhi wiki hii, na mashine niliyonayo ni hii tu.

fundi_sombetini:
Pole mkuu. Kwanza usifomati, kuna watu watakuja kukwambia ufomati, usiwasikilize. Zima, wakati inawaka bonyeza Esc au shikilia Shift mpaka itokee menyu ya GRUB, ile programu inayochagua keneli ya kuwashia, ingia Advanced options for Ubuntu, chagua 5.15. Keneli ya zamani haifutwi ikija mpya, ni vile GRUB yenyewe huwa inawasha ile yenye namba kubwa. Ukishaingia tupe majibu ya hii:

dpkg -l | grep -E 'linux-(image|modules-extra|generic)'

chalii_wa_njiro:
Nimeingia 5.15, waifai imerudi na sauti ipo, asante sana fundi. Majibu ni marefu ila kwa kifupi linux-generic ipo, linux-image-generic ipo, linux-image ya 5.15 ipo na ya 6.8 ipo. linux-modules-extra naiona ya 5.15 tu, ya 6.8 hamna.

mama_seva_moshi:
Hapo kwenye modules-extra ndipo penye jibu lako mdogo wangu. Niko Moshi, naangalia seva na kompyuta za ofisi kadhaa huku, hili swali naulizwa sana kwa hiyo niachie nilieleze taratibu.

Keneli kwenye Ubuntu haiji kama pakeji moja. Kuna linux-image, hiyo ndiyo keneli yenyewe. Kuna linux-modules, draiva za msingi. Halafu kuna linux-modules-extra, humo ndimo zilimo draiva nyingi za waifai na za sauti. Anayezikusanya zote zije pamoja ni metapakeji, yaani pakeji ambayo ndani yake haina kitu, ina orodha tu ya vitu inavyovitegemea. Wewe unayo linux-generic, inategemea linux-image-generic na linux-headers-generic, na hiyo linux-image-generic ndiyo inayovuta image, modules-extra na linux-firmware. Kwa hiyo siku zote 5.15 yako ilikuwa inakuja imekamilika.

Sasa angalia ulichoomba. Mwisho wa jina kuna hwe-22.04. HWE ni mstari mwingine wa keneli ndani ya Ubuntu hiyohiyo, umewekwa kwa ajili ya mashine mpya mpya, na kwa 22.04 mstari huo ulifika 6.8. Ile pakeji inabeba moduli, yaani vipande vya draiva vinavyoingia kwenye keneli, ambazo zimeshakompailiwa kwa keneli ya 6.8, na moduli ya keneli moja haikai kwenye keneli nyingine, kwa hiyo imeandikwa kwamba inategemea linux-image ya 6.8. Apt, ile programu inayoshusha na kuweka pakeji, ikaona huna, ikaileta. Lakini moduli za grafiki hazihitaji waifai wala spika, kwa hiyo modules-extra haikuandikwa popote kwenye mnyororo ule, na apt haileti kisichoandikwa. Ukapata 6.8 nusu. Wala usiilaumu draiva, imeleta ilichokihitaji.

Ukitaka kujionea mwenyewe piga apt rdepends --installed halafu jina kamili la ile linux-image ya 6.8, itakutajia anayeitegemea. Na ukifungua /var/log/apt/history.log utakuta siku, komandi na kila kilichoingia, pembeni ya vile ambavyo hukuomba imeandikwa automatic.

it_ngarenaro:
Mbona rahisi, ashushe linux-modules-extra ya hiyo 6.8 waifai inarudi, halafu apige apt-mark hold, yaani aifunge pakeji ya linux-image isije ikabadilika tena. Dakika mbili kazi imeisha.

mama_seva_moshi:
Kaka itafanya kazi, lakini mpaka apdeti ijayo tu. Pakeji ya moduli ikipanda toleo itavuta image mpya tena, na modules-extra uliyoiweka kwa mkono itabaki ya namba ya zamani, kwa hiyo tunarudi palepale. Na hold kwenye keneli ni kufunga viraka vya usalama visiingie, mashine ya ofisi inayoshinda mtandaoni sikubaliani nayo kabisa. Kama anaitaka 6.8 basi aweke linux-generic-hwe-22.04, hiyo ni metapakeji ya mstari ule, kila keneli itakuja na vitu vyake vyote.

chalii_wa_njiro:
Dada nimekuelewa vizuri sana. Sasa kwa hali yangu, bando lenyewe ni la simu, na hiyo harusi, nishike lipi?

mama_seva_moshi:
Baki 5.15. Vifaa vyako vyote vinafanya kazi humo na viraka vyake vinaendelea kutoka mpaka Aprili 2027 pamoja na 22.04 yenyewe. Ukiwa umewasha kwa 5.15 weka moduli za mstari wako, jina ni lilelile ila bila hwe:

sudo apt install linux-modules-nvidia-535-generic

Ikimaliza, ondoa ile linux-modules-nvidia-535-generic-hwe-22.04, halafu ondoa linux-image ya 6.8 kwa jina lake kamili. Usitegemee autoremove ikufanyie, ile huwa inazilinda keneli za karibuni. Ila kabla ya kila komandi ipige kwanza ukiwa umeongeza -s baada ya apt, hapo haigusi kitu wala hailishi bando, inakuonyesha tu itakachofanya. Soma ile sehemu ya NEW packages, ukikuta linux-image ambayo hukuitarajia simama hapohapo uulize.

it_ngarenaro:
Sawa dada, hiyo ya metapakeji naichukua. Na kwenye seva zetu tunatumia apt-get upgrade, keneli inaandikwa kept back kila siku, ni hiihii?

mama_seva_moshi:
Ni hiihii. Keneli mpya ni pakeji yenye jina jipya, na apt-get upgrade haiongezi pakeji ambayo haikuwepo, kwa hiyo metapakeji inabaki nyuma. Tumia apt upgrade, hiyo inaongeza ila haiondoi kitu.

chalii_wa_njiro:
Nimepiga na -s. Kwenye NEW zipo za moduli za nvidia za 5.15 tu, linux-image hamna hata moja. Kwenye kuondoa zimetokea linux-image ya 6.8 na moduli zake.

fundi_sombetini:
Ndivyo inavyotakiwa. Toa -s uzipige zenyewe. Ukirestati uname -r iseme 5.15 na nvidia-smi ikuonyeshe kadi, kisha ufungue waifai na ujaribu sauti kabla hujafungua faili la harusi.