Naomba ushauri: nimeweka Mattermost (mfumo wa kuchati wa ofisi) kazini, watu hawaingii

Wakuu, habari. Kazini mimi ndiye fundi pekee wa kompyuta. Nimefunga Mattermost kwenye seva yetu, hifadhidata ni PostgreSQL, mbele nimeweka Nginx, inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapitisha kwa Mattermost. Ilinitoa jasho: ujumbe ulikuwa hauonekani mpaka mtu afungue ukurasa upya. Kumbe kosa langu, kwenye mipangilio ya Nginx nilisahau mistari ya Upgrade na Connection inayopitisha WebSocket, yaani muunganisho unaoleta ujumbe papo hapo. Mafaili nayo yakagoma kupanda, maana Nginx usipoigusa inaruhusu MB 1 tu. Nikaongeza kikomo hicho (client_max_body_size), yakapita.

Sasa mtambo uko shwari, shida ni watu. Bosi mwenyewe bado anatuma maagizo WhatsApp, halafu ananiuliza mbona mfumo uko kimya! Wengine kila Jumatatu wamesahau nywila. Kuunganisha na LDAP (orodha moja ya akaunti za wafanyakazi, mtu anatumia nywila ileile ya kazini) kungenipumzisha, ila kunataka leseni ya kulipia na bajeti hakuna.

Mliopitia hili, nianze na idara moja kwanza, au nimshawishi bosi afunge grupu la WhatsApp kabisa? Na jingine: nakala ya hifadhidata naichukua kila usiku kwa pg_dump, lakini folda ya mafaili mnaitunzia vipi nakala bila kuzima seva?