Lipu ya chokaa, saruji au mchanganyiko: kuta za nje za skuli kongwe inayogeuzwa makaazi, Mji Mkongwe, Zanzibar

Mkaazi wa Malindi:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Familia yetu inaligeuza jengo la ghorofa mbili lililokuwa skuli tangu enzi za ukoloni kuwa nyumba sita za kupangisha. Mambo ya ndani tumekubaliana. Kinachotugawa ni uso wa nje. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi, lakini zamani zilipigwa lipu ya saruji ambayo sasa imevimba upande wa barabarani, na ukiigonga inalia kama debe tupu. Jana kilidondoka kipande cha ukubwa wa sinia, na nyuma yake kilikuwa kimebandua jiwe lenyewe, likawa linamomonyoka vidoleni mwangu. Mafundi watatu wametoa rai tatu: saruji upya, saruji na chokaa pamoja, au chokaa tupu.

Mwashi wa Mkunazini:
Wa alaykum salaam, mzee wangu. Jiwe la matumbawe hunyonya maji na chumvi, kutoka ardhini na kwenye hewa ya bahari, na ukuta wa namna hiyo haukauki ila kwa kupitisha unyevu nje. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na huziba njia hiyo, hivyo chumvi hugandia nyuma ya lipu, ikatanuka na kulisaga jiwe. Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani navyo huoza bila mtu kuona. Mimi ningebandua yote, kwa patasi na mkono mwepesi, kisha nikapiga chokaa iliyolowekwa shimoni kwa miezi kadhaa, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba.

Msimamizi wa Majengo:
Kwa heshima, fundi, chokaa inataka muda ambao wenye nyumba wengi hawana, kwani kila tabaka lazima lifunikwe magunia mabichi na kunyunyiziwa maji siku kwa siku, na masika yakiingia kazi inasimama. Je, mchanganyiko wenye saruji kidogo hauwezi kuwa njia ya kati?

Mwashi wa Mkunazini:
Nimewahi kuupiga, na nilijuta. Hukauka upesi, ni kweli, lakini hupunguza upumuaji wa ukuta, na mafundi wakiachwa peke yao ile "kidogo" huongezeka kila ndoo.

Bint Shangani:
Maalim wa uashi amesema kweli, nami naongeza jambo linalohusu matumizi mapya. Skuli ilikuwa na wanafunzi mchana, na usiku ikapumzika, madirisha yake makubwa yakiwa wazi. Nyumba sita ni majiko sita, vyoo sita na nguo zinazofuliwa kila siku. Unyevu utakaoingia katika kuta hizo haujawahi kuingia tangu zijengwe, na ndiyo sababu lipu iliyovumilika kwa skuli haitavumilika kwa makaazi. Mabomba yote yapitisheni upande wa ua, kwa sababu bomba moja linalovuja juu ya uso wa barabarani huharibu kazi ya mwaka mzima. Msipake rangi ya plastiki juu ya chokaa. Pakeni chokaa ya maji. Madirisha ya mbao yatengenezwe, yasibadilishwe kwa alumini. Na kabla ya patasi ya kwanza, pateni kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwani eneo hili limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000.

Mkaazi wa Malindi:
Ahsanteni sana. Hoja ya majiko imewanyamazisha hata wale ndugu zangu waliotaka saruji. Tutaomba kibali, tutaanza na ukuta wa barabarani kwa chokaa tupu baada ya masika, na kuta za uani zitasubiri fedha. Shimo la chokaa tunalichimba wiki hii.