Kibali cha kazi ni cha nchi moja, bosi anakutuma nchi nyingine: tupeane uzoefu

Kijana wa Uyole: Wakuu, mdogo wangu yuko Kitwe na kibali cha kazi cha Zambia. Sasa bosi anamtuma Malawi wiki mbili, eti kibali ni hichohicho kwa kuwa zote ni SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Roho yangu haijatulia. Aliyepita njia hii aseme.

Fundi Mlowo: Umenitonesha kidonda. 2017 nilikuwa fundi wa mashine za kusaga Lusaka, kibali safi. Bosi akasema kuna mteja Lilongwe, siku tatu tu. Malawi sisi Watanzania hatudaiwi viza, nikajua nimefika. Mpakani, ukishapita Chipata, nikaulizwa naenda kufanya nini. Nikasema kutembea. Fungua begi. Juu ovaroli imeganda grisi, chini spana na pula ya beringi, katikati ankara ya mteja yenye jina langu, "fundi". Ofisa hakufoka. Aliweka kidole kwenye kibali, akasoma jina la bosi, akasoma nchi. "Hiki cha Zambia. Huku wewe ni mgeni." Nililala kwenye benchi nimekumbatia lile begi. Bosi nilimpigia mara kumi na moja, mwisho akazima simu. Hapo ndipo nilipolia. Asubuhi nikarudishwa, pasi imegongwa kwamba nimekataliwa kuingia. Tangu hapo kila mpaka, iwe Kasumulu iwe Nakonde, wakifika ukurasa ule naambiwa nikae pembeni.

Mama Tukuyu: Ukurasa ule! Pole sana mwanangu.

Mzee wa Kabwe: Mnamtisha kijana bure. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu kufanya kazi popote.

Binti Mafinga: Shikamoo mzee wangu, lakini Zambia na Malawi hazimo kwenye Jumuiya. Na hata itifaki ya soko la pamoja iliyoanza 2010 haikufuta vibali. Kenya kwenyewe unaomba.

Mzee wa Kabwe: Nimevuka Nakonde miaka ishirini, sijadaiwa kibali!

Binti Mafinga: Ulikuwa unapeleka mchele unarudi jioni. Huyu anakwenda kushika kazi ya mtu.

Mbeya City damu: Aseme anaenda harusini, vifaa vitumwe kwa basi lingine.

Fundi Mlowo: Usimfundishe uongo. Ndio ulionimaliza mimi.

Niko Poland: Huku nako ni vilevile. Ukiwa na kibali cha ukaazi cha Poland unatembelea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, siku 90 ndani ya kila siku 180. Kutembea, siyo kuajiriwa. Mwajiri akitaka ufanye kazi Ujerumani, afuate taratibu za Ujerumani.

Dereva wa Tunduma: Hata sisi wa malori tunapita na mzigo wa safari. Ukianza kubeba mizigo ya ndani, Lusaka kwenda Ndola, unakamatwa.

Binti Mafinga: Bosi aombe kibali cha muda cha Malawi kabla dogo hajaondoka. Kwa maandishi.

Kijana wa Uyole: Nimempigia sasa hivi. Tiketi imeshakatwa, basi ni kesho alfajiri. Fundi Mlowo, nakuomba picha ya ule ukurasa, nimtumie usiku huuhuu.